Kidari cha Mgeni

Harufu ya ndizi mbivu zinazochemka ilitufikia kabla hatujaiona nyumba. Tukipanda ile njia nyekundu ya Uru inayofuatana na mfereji, tukitoka shule au kanisani, pua ndizo zilizotuambia kwamba Krismasi imekaribia: utamu mzito wa ndizi kwenye pipa, moshi wa mikahawa mizee iliyokatwa kuni, na nyuma yake ukali wa ulezi ulioachwa uote kisha ukaanikwa. Mama na Shangazi walikuwa wakitengeneza mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kwa ajili ya sikukuu. Sisi watoto tulijua siku zake kwa harufu tu, jinsi ilivyoanza kama uji wa mgonjwa, ikageuka kama matunda yaliyosahauliwa kapuni, na siku ya mwisho ikawa harufu ambayo sina neno lake, ila nikiipata leo mahali popote husimama kwanza. Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa na miaka kumi, darasa la nne, na nilidhani dunia nzima imepangwa kama ilivyopangwa nyumba ya babu yangu.

Na ilikuwa imepangwa kweli. Tuliishi kwenye kihamba cha Babu, yaani shamba la ukoo, migomba juu na kahawa chini yake. Baba, akiwa mtoto wa kiume wa mwisho, ndiye aliyebaki na wazazi kama desturi inavyotaka. Baba Mkubwa, kaka yake, alikuwa na nyumba yake hatua chache juu yetu. Bibi alishafariki. Mbege ilipoiva, aliyeipika alionja kwanza mbele za watu ili wajue ni salama, kisha kata ya kwanza ikaenda kwa Babu, ya pili kwa Baba Mkubwa, ikashuka hivyo hivyo kwa umri. Mbuzi wa Krismasi naye aligawanywa kwa utaratibu huo. Kidari kilikuwa cha Babu. Mgongo ulikuwa wa Mama, kwa kuwa ndiye mwenye jiko. Kichwa na shingo vilikuwa vya vijana waliochinja, matumbo yalikwenda kwenye supu ya wote, na figo moja ilikuwa yangu, mjukuu wa kwanza. Nyama haikupimwa kwa mizani. Ilipimwa kwa watu. Ukitaka kujua wewe ni nani katika ukoo wetu, ungetazama umepewa nini kwenye jani la mgomba. Nami niliipenda figo yangu kuliko zawadi yoyote ya dukani, kwa sababu hakuna aliyeweza kuninyang'anya.

Aliyekosa sehemu alikuwa mmoja tu, Shangazi Felista. Alikuwa binti pekee wa Babu, aliolewa Sanya Juu, na miaka mitatu kabla ya hiyo Krismasi alirudi na mfuko mmoja na jino lililovunjika. Nilikuwepo mlangoni alipofika. Babu alimtazama kinywa, akatazama pembeni, akasema, "Binti akishatolewa mahari, kihamba hakina mlango wa nyuma." Hakumfukuza. Alimwacha alale kwenye chumba kidogo kilichoungana na zizi la mbuzi. Lakini tangu siku ile hakulitaja jina lake tena. Alipomhitaji alisema, "Mwambieni huyo alete maji," hata kama huyo alikuwa amesimama mbele yake na maji mkononi. Sehemu yake ya nyama, kwa hesabu ya wazee, ilikuwa kwa mumewe, hivyo kwetu alikula kilichotoka kwenye chungu cha Mama. Nami, nisifiche, sikuona ajabu. Mtoto huona ajabu mambo mapya, na lile halikuwa jipya.

Mbuzi huyo wa Krismasi alifugwa na Shangazi. Kila alfajiri alishuka mpaka kule tambarare kukata majani, akapanda na mzigo uliomfunika hata tukauona mzigo unatembea wenyewe. Alimkatia migomba, akamwekea chumvi kwenye kiganja, na alipodhani hatumsikii alimzungumzisha kwa Kichagga kama mtu anayemsimulia jirani habari za mchana. Mbuzi alinenepa mpaka wapita njia wakasimama kumtazama, nao wakampongeza Babu.

Mwaka huohuo, mvua za masika zilipokuwa zikiisha, alifika Sista Veronika. Alikuja kwenye nyumba ya masista iliyo jirani na parokia yetu, na kwa kuwa alikuwa mweusi kama sisi na nywele zake za kipilipili kama zetu, watu walidhani ametoka Mtwara au Songea. Kumbe alitoka Papua Guinea Mpya, upande wa pili wa dunia, kwenye milima ya visiwa vya Melanesia. Alipolitaja jina la nchi yake mbele ya kina mama baada ya misa, mmoja alitikisa kichwa kwa upole, akauliza kama ni mbele ya Dodoma au kabla. Sista alicheka mpaka akashika ubavu. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabu, kila neno likisimama peke yake limenyooka kama askari, na alisema "shikamoo" hata kwa watoto, tukamkimbia kwa aibu.

Alifanya kazi kwenye zahanati ya masista, na kwa sababu Babu alikuwa na kidonda sugu mguuni, akawa anakuja nyumbani mara tatu kwa wiki kukisafisha. Wenyeji husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwetu methali hiyo ilitimia bila mafumbo, maana kidonda kilichokaa miaka miwili kilifunga kabla ya mavuno ya kahawa. Babu alimpenda. Sista alipoomba pembe ya ardhi apande viazi vitamu, Babu alimpa, akaja mwenyewe kutazama. Alishangaa kuona hafanyi matuta marefu kama yetu. Sista alikusanya majani makavu, akayafunika kwa udongo, akafanya vilima vya duara kama vyungu vilivyopinduliwa. "Huyu amezaliwa shambani," Babu akasema, na kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko zote.

Mimi nilipewa kazi ya kumzoeza Kiswahili baada ya shule. Tulikaa kando ya vilima vyake vya viazi, nikimsahihisha kwa ukali wa mwalimu wangu wa darasa la nne, naye akinisimulia kwao. Alisema kwao hakuna mtoto anayezaliwa mkubwa. Hakuna ukoo wa watawala, wala mzaliwa wa kwanza haketi juu kwa kuwa alitangulia kuzaliwa. Wanaume wote huanza sawa, na anayetaka jina hulitafuta kwa kugawa. Anakusanya nguruwe, anawafunga kwenye vigingi mstari mrefu, anahutubia, kisha anawagawa wote kwa watu wa mbali, na aliyepewa anakaa na deni la heshima mpaka naye agawe zaidi. Anayejilimbikizia hadharauliwi tu, anasahaulika. Nilimwuliza, "Kwa hiyo kwenu watu wote ni sawa?" Akapapasa udongo. Kisha akasema polepole, akitafuta kila neno: "Wanaume ni sawa. Nguruwe analishwa na mwanamke. Mama yangu alilala naye nyumba moja, alimtafunia kiazi akiwa mdogo. Siku ya kugawa, Baba alisema, Nguruwe wangu. Mama alisimama nyuma ya uzio." Nami, kwa kuwa mtoto hawezi kuacha kisa cha mwenzake bila kuweka chake, nikamwambia habari za Shangazi. Nikamwambia yote: majani ya tambarare, chumvi ya kiganjani, mlango wa nyuma, "huyo". Aliinuka, akarudi kupalilia viazi. Nilidhani hakuelewa Kiswahili changu.

Krismasi ikafika. Baada ya misa ya pili watu wa ukoo na majirani walikusanyika uani, wanaume kwenye viti na mabenchi, wanawake upande wa jiko, na Sista Veronika akaketishwa karibu na Babu kwa ajili ya heshima ya ugeni. Mbuzi alikuwa amechinjwa asubuhi. Nilimwona Shangazi akiosha majani ya mgomba ya kupangia nyama bila kuitazama nyama yenyewe. Baba Mkubwa ndiye aliyekata, akiita kila sehemu na mwenyewe. Alipofika kwenye kidari akakinyanyua kumpelekea Babu, na hapo Babu akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alisimama, akaegemea fimbo yake, akasema, "Mguu huu ninaosimamia leo, amenirudishia huyu. Kidari ni chake."

Wanawake wakapiga vigelegele. Kidari kwa mwanamke! Hata Mama alikuwa hajakiona kitu hicho. Sista alikipokea kwa mikono miwili pamoja na jani lake. Alisimama nacho, uso umemkaza kama wa mtu anayebeba maji yaliyojaa. Halafu akatoka pale kwenye viti vya wazee, akavuka uwanja mpaka upande wa jiko, akasimama mbele ya Shangazi.

"Zawadi hii ni kubwa," alisema kwa sauti iliyosikika kote, kila neno limenyooka. "Mbuzi alilishwa na Felista. Nimeona. Ninampa Felista."

Akakiweka mikononi mwake.

Vigelegele havikupigwa. Nakumbuka kuku mmoja akichakura chini ya mgomba na sauti ya makucha yake kwenye majani makavu. Shangazi alikishika kidari na jani lake, bila kujua akiinue au akishushe. Babu aliweka kata yake chini polepole, akageuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Baba Mkubwa alichomeka kisu kwenye kigogo. "Mzee amevuliwa nguo nyumbani kwake," akasema, kisha akawaita wanawe wakaondoka. Majirani wakamfuata mmoja mmoja. Mbege ya siku zote zile ikabaki kwenye pipa ikitoa povu peke yake.

Baba alituita sisi wa nyumbani jikoni. "Nani aliyempa Sista habari za nyumba hii?" Ningeweza kunyamaza. Lakini Shangazi alikuwa pale, ameegemea ukuta, na nilimwona akivuta pumzi ili aseme ni yeye. Nikasema, "Mimi." Baba hakunipiga. Alinitazama tu, na macho yale yaliniumiza kuliko fimbo. "Basi omba Babu yako asimtoe shangazi yako," alisema. "Maana hilo ndilo Baba Mkubwa anataka." Shangazi alikifunga kidari kwenye jani, akakitundika juu ya moshi wa jiko, akaenda zizini kuwapa majani mbuzi waliobaki.

Siku mbili Babu hakutoka. Chakula alichopelekewa kilirudi nusu. Siku ya tatu mchana sikuweza tena. Nilikwenda mpakani mwa kihamba, nikakata jani la isale, nikalifunga fundo kama nilivyowaona wakubwa wakifanya, nikakimbia nalo hadi kwa masista. Kwetu masale hupandwa kuonyesha mipaka, na pia ukimkosea mtu unampelekea jani lake, naye akishaliona hawezi kukataa kukusamehe. Nilimweleza Sista hivyo huku nikilia. Alilishika jani akalipapasa ncha hadi ncha. "Kwetu lipo ndugu yake," alisema. "Jekundu. Tunalipanda mpakani, tunalishika tukifanya amani." Kisha akakaa chini kwenye ngazi. "Nilifikiri ninatoa zawadi. Kumbe nimefanya kama wakubwa wa kwetu. Nimegawa nguruwe nisiyemfuga, mbele za watu, nikapata jina mimi. Babu yako akabaki na aibu, na Felista hofu." Nimesoma mengi tangu siku ile, lakini sijawahi kuona mtu akijihukumu kwa haki namna hiyo.

Tulipanda pamoja. Alibisha hodi kwa Babu, akapiga goti kwenye kizingiti, akanyoosha isale. Babu alikuwa ameketi kitandani na fimbo katikati ya magoti. Alilitazama jani kwa muda mrefu sana. "Inuka," akasema mwishowe. "Wewe hujanikosea. Umesema mbele za watu kile nilichokuwa nakijua faraghani." Alilichukua lile jani. Nilidhani mambo yameishia hapo, nikashusha pumzi. Lakini Babu alisimama, akatoka nje, akapita uani mbele ya Baba na Mama waliokuwa wakichambua kahawa, jani mkononi, akielekea zizini. Sisi wote tukamfuata kwa mbali, maana hakuna aliyethubutu kumfuata kwa karibu.

Shangazi alikuwa ameinama juu ya majani. Alipogeuka akakuta baba yake amesimama mbele yake na isale limenyooshwa. Mzee kumpelekea mtoto isale! Mambo hayo yalipanda kutoka chini kwenda juu, hayakuwahi kushuka. Babu akasema, "Felista. Felista, mwanangu. Ulikuja na damu mdomoni, mimi nikafikiria ng'ombe wa mahari." Shangazi alitazama jani, akamtazama baba yake, akalitazama tena jani, hata Mama akaanza kusali kwa midomo. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Hatimaye alifuta mikono kwenye kanga, akalipokea.

"Baba, jani nimelishika," alisema. "Moyo unakuja nyuma, mnivumilie."

"Tutaungojea," Babu akasema.

Jioni ile Shangazi alikishusha kidari kutoka kwenye moshi, akakipika na ndizi, akabeba chungu mwenyewe mpaka kwa Babu. Walikula wawili, mlango wazi. Baada ya Pasaka Babu alimkatia kipande cha kihamba chini ya mfereji, akachimba mashimo ya mpaka kwa mkono wake, na alipochoka akamwita Baba amalizie. Baba Mkubwa alikataa katakata, akasema binti kupewa ardhi ni kuufungulia ukoo mto utakaozoa kihamba chote. Hakuja nyumbani miezi mingi. Babu alimjibu kwa maneno matatu tu, "Ukubwa ni jalala," akimaanisha kwamba mkubwa ndiye anayetupiwa yote, na hilo pia atalibeba. Shangazi alipanda migomba na maharage, baadaye akapata ng'ombe wa maziwa. Moyo wake ulikuja, ila ulichukua muda wake, na nilimpenda zaidi kwa kutouharakisha. Sista Veronika alihamishwa mwaka uliofuata. Tulipata barua yake moja yenye stempu ya ndege mwenye mkia mrefu, halafu basi. Sijui kama yu hai. Kama amekufa, naamini amepokelewa na mama yake, safari hii mbele ya uzio.

Leo nafundisha chuoni hapa Moshi mjini, na somo langu mojawapo ni jamii na tamaduni za watu. Kila mwaka tunafika Melanesia, na kila mwaka wanafunzi wanabishana. Wanasoma kwamba kuna visiwa vya huko ambako mtu huzaliwa mtemi, kuna vingine ambako mwanamume hupanda daraja kwa kuchinja nguruwe katika sherehe moja baada ya nyingine, na kuna milima ambako wote huanza sawa na ukubwa hupatikana kwa kugawa. Wataalamu nao hawajakubaliana kama huo usawa ni usawa kweli. Wanafunzi wanataka niwaambie jamii ipi ni bora. Huwaambia watazame sherehe ya watu hao, waulize nani anahutubia, nani anapokea, na nani alilisha mnyama. Siwaambii nilijifunzia wapi. Wangedhani nimesafiri.

Krismasi zetu siku hizi ni nyepesi. Magari yanapanda kutoka Dar, nyama inanunuliwa buchani kwa kilo, inakatwa vipande vinavyolingana, na kila mtu ana chupa yake mkononi, wala hangoji mwingine aanze. Tupo sawa kuliko tulivyowahi kuwa. Lakini watoto wa ndugu zangu hawajui sehemu ipi ya mbuzi ni yao, na nikiwatazama wakila huku wamesimama, huwaonea huruma kidogo, maana mimi katika umri wao nilikuwa na figo yangu. Sitamani kurudi. Nimekuwa mwanamke katika nyumba hii, najua vizuri kule nyuma ya uzio palivyo. Ninashukuru tu kwamba niliupata utaratibu ule ungali hai, na nikamwona mzee aliyeumiliki akiupinda kwa mikono yake mwenyewe bila kuuvunja.

Mwaka jana Baba, ambaye sasa ndiye mzee, aliruhusiwa kutoka hospitali, akatuita uani akagawa kihamba. Alianza na mimi, binti yake na mtoto wake wa kwanza, kipande cha juu chenye mikahawa mizuri, kisha kaka zangu wawili. Nilijikaza nisilie. Nikatazama huku na huku, nikitafuta uso mmoja uliostuka. Kaka zangu walikuwa wakijadiliana habari za njia ya maji. Mwana wa Baba Mkubwa alipiga picha mpaka mpya, akauliza kama kuna mtandao. Shangazi Felista, mzee sana sasa, alikuwa amesinzia kwenye kiti juani, kanga imemteleza begani. Hakuna aliyeshangaa. Nilitamani walau mmoja ashangae, ili nipate pa kuanzia kusimulia.